Sura ya Saba: Kwa Nini Gari Linasita Linapokanyagwa Mafuta?

Swali hili halikosekani katika gereji zinazoshughulika na magari yaliyoongezewa nguvu. Injini inawaka kwa ufunguo wa kwanza na inaunguruma vizuri gari likiwa limesimama, lakini dereva akikanyaga mafuta gari linasita kwanza ndipo linaondoka. Mengine hukohoa na kutoa moshi mweusi. Mengine huvuta vizuri hadi mzunguko fulani, kisha yanakata kabisa.

Jibu la haraka la mafundi wengi ni kubadilisha pampu ya mafuta. Pampu inanunuliwa, inafungwa, na gari linaendelea kusita. Baada ya pampu hufuata plagi, kisha nozeli, kisha sensa, na mwenye gari anajikuta amelipia nusu ya injini mpya bila kujua kilichoharibika ni nini. Kubahatisha kwa vipuri ni njia ya gharama kuliko zote. Kwa gari lililobadilishwa ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika hata kimoja: vipuri vyote ni vizima ila havielewani.

Sura hii inatumia mfano wa Subaru zenye tabo, yaani Impreza WRX na Forester zenye injini ya EJ20, kwa kuwa ni miongoni mwa magari yanayobadilishwa sana Nairobi na Dar es Salaam. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksosi ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Kanuni zinazoelezwa hapa zinafaa kwa gari lolote la petroli lenye nozeli zinazoendeshwa na kompyuta.

Kinachotokea mguu ukigusa pedeli

Pedeli ya mafuta haifungui mafuta, ingawa jina lake linadai hivyo. Inafungua kipepeo, yaani kibati cha duara kilicho ndani ya njia ya hewa. Kipepeo kikifunguka hewa inaingia kwa wingi, na kazi ya kompyuta ya gari, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita kontrol boksi, ni kupima hewa hiyo na kuziamuru nozeli zinyunyize petroli inayolingana nayo.

Uwiano wa kawaida ni gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Tabo inaposukuma kwa nguvu, injini huhitaji petroli zaidi ili isipate joto kupita kiasi, na uwiano hushuka hadi gramu 11 au 12 za hewa. Petroli ikipungua kuliko inavyotakiwa, mchanganyiko huitwa hafifu. Ikizidi, huitwa mzito. Hali zote mbili husababisha kusita, na dereva aliye kwenye usukani hawezi kuzitofautisha kwa kuhisi tu.

Ugumu uko kwenye sekunde ile ya kwanza. Hewa ni nyepesi na hukimbia mara moja, lakini petroli hunyunyizwa ukutani mwa njia ya hewa, karibu na vali, na sehemu yake hunata hapo kama utando kabla haijageuka mvuke. Mguu ukikanyaga ghafla, hewa inafika na sehemu ya petroli inabaki ukutani. Magari ya kabureta yalikuwa na kipampu kidogo kilichorusha petroli ya ziada kila pedeli ilipokanyagwa. Magari ya leo hufanya hivyo kwa hesabu: kompyuta ikiona kipepeo kimefunguka ghafla, inaongeza petroli kwa muda mfupi. Gari linalosita mwanzoni tu, kisha likavuta vizuri, kwa kawaida limekosea hesabu hiyo.

Kompyuta inaamini kilichopangwa kiwandani

Kompyuta haioni bomba jipya wala tabo kubwa. Inaona umeme kutoka kwenye sensa, kisha inausoma kwa jedwali lililoandikwa kiwandani. Mfano ulio wazi zaidi ni sensa ya hewa, yaani waya mwembamba unaopashwa moto ndani ya bomba la kuingizia hewa. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio unaoieleza kompyuta hewa iliyopita ni kiasi gani.

Lakini waya huo hupima mkondo unaopita juu yake tu, na kompyuta hukadiria hewa yote kwa kuamini kwamba upana wa bomba haujabadilika. Tuseme bomba la milimita 70 limeondolewa na kuwekwa la milimita 76, lenye chujio la kuvutia macho. Eneo la ndani limeongezeka kwa takriban asilimia 18. Hewa ileile inapita taratibu zaidi juu ya waya, na sensa inaripoti pungufu kwa karibu asilimia 15. Petroli nayo inapungua kwa kiasi hichohicho. Sensa ni nzima, pampu ni nzima, nozeli ni nzima, na bado gari linasita.

Machujio ya pamba yanayopakwa mafuta yana balaa jingine. Mafuta yakizidi, hewa huyapeperusha hadi kwenye waya wa sensa, yakashika vumbi na kuufunika. Hapa tiba ni rahisi: dawa maalumu ya kusafishia sensa za hewa, waya ukaachwa ukauke wenyewe bila kuguswa kwa kitambaa wala brashi.

Maswali ya kwanza: nini kilibadilishwa, na linasita lini?

Kabla ya kufungua boneti, fundi mzuri huuliza maswali mawili. La kwanza ni kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho kabla tatizo halijaanza. Majibu ya swali hili hutatua kesi nyingi kuliko mashine yoyote, na ni ajabu jinsi lisivyoulizwa. La pili ni tatizo linatokea katika hali gani hasa:

- Mguu ukikanyaga ghafla kutoka mzunguko wa chini: hewa inayovuja, sensa ya kipepeo, au hesabu ya petroli ya ziada.
- Katikati ya kubadilisha gia, mguu ukiachia kisha ukakanyaga tena: vali ya kutolea presha ya tabo.
- Mzunguko wa juu pedeli ikiwa imekanyagwa hadi mwisho: presha ya mafuta, ukubwa wa nozeli, au cheche.
- Kwenye kona kali, tangi likiwa na mafuta kidogo: mafuta yanakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa.
- Injini ikishapata moto tu: koili au pampu inayochoka.

Orodha hii haitoi hukumu, inaonyesha pa kuanzia. Gari moja linaweza kuwa na matatizo mawili kwa pamoja, na magari yaliyopitia mikono ya mafundi watatu mara nyingi ndivyo yalivyo.

Kuisikiliza kompyuta

Kompyuta huweka kumbukumbu ya masahihisho yake. Sensa ya oksijeni, iliyofungwa kwenye eksosi, huiambia kama moshi umebakiwa na oksijeni nyingi au kidogo, nayo inaongeza au kupunguza petroli. Masahihisho hayo husomeka kwa asilimia kwenye mashine ya kupimia. Yakiwa ndani ya 5 juu au chini ya sifuri, hali ni njema. Yakipita 10, kuna jambo la kutafuta. Yakizidi sana upande wa kuongeza, taa ya injini huwaka na msimbo P0171 hutokea, maana yake mchanganyiko ni hafifu. Upande wa kupunguza, msimbo ni P0172.

Namba moja haitoshi, kwani kinachosema kitu ni namna inavyobadilika. Kompyuta ikiwa inaongeza petroli nyingi kwenye mzunguko wa chini, kisha masahihisho yakarudi karibu na sifuri mzunguko ukipanda, kuna tundu linaloingiza hewa isiyopimwa: tundu hilo ni kubwa ukililinganisha na hewa kidogo ya mzunguko wa chini, na si kitu mbele ya hewa nyingi ya juu. Ikiwa ni kinyume chake, yaani sawa chini na mbaya juu, basi ama petroli haifiki ya kutosha ama sensa ya hewa inaripoti pungufu.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, magari ya Marekani yalilazimika kuwa na mfumo mmoja wa kusomwa kuanzia mwaka 1996, lakini magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayazungumzi lugha hiyo. Kimashine cha bei nafuu kikishindwa kuunganika na Subaru ya miaka ya tisini, kompyuta haijafa. Inahitaji mashine inayojua lugha ya Subaru. Pili, sensa ya kawaida ya oksijeni hutofautisha tu hafifu na mzito karibu na ule uwiano wa 14.7. Kwa gari la tabo linalokanyagwa hadi mwisho inahitajika sensa ya masafa mapana, inayotaja uwiano wenyewe. Mtu aliyetumia fedha kuongeza nguvu bila kununua sensa hii ameanza kujenga nyumba kwa kununua mapazia.

Hewa inayopotea njiani

Katika gari la tabo, tundu moja linaweza kuwa na madhara mawili yanayopingana. Injini ikiwa mzunguko wa chini, ndani ya manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, kuna mvuto. Tundu hapo linaingiza hewa ambayo sensa haikuipima, na mchanganyiko unakuwa hafifu. Tabo ikianza kusukuma, tundu hilohilo linatoa nje hewa iliyokwisha kupimwa. Kompyuta inanyunyizia hewa ambayo haipo tena, na mchanganyiko unakuwa mzito. Fundi anayesoma upande mmoja tu ataapa kwamba petroli haitoshi, na mwingine ataapa kwamba imezidi.

Kipimo chake ni presha. Mdomo wa bomba kabla ya tabo huzibwa kwa kifuniko chenye vali ya tairi, na hewa ya kompresa huingizwa taratibu, isizidi ile ambayo tabo husukuma kwa kawaida. Kisha masikio na maji ya sabuni hufanya kazi. Sehemu za kuanzia ni viungio vya mpira karibu na kipozeo cha hewa, klipu zisizokazwa, na vimpira vidogo vya mvuto vilivyokauka na kupasuka.

Kisha ipo ile vali ya kutolea presha ya tabo, inayopiga mluzi. Mguu ukiachia pedeli, hewa iliyosukumwa na tabo hukuta kipepeo kimefungwa. Subaru hizi zilitoka kiwandani na vali inayoirudisha hewa hiyo ndani ya bomba, kabla ya tabo. Vijana huiondoa na kuweka inayoimwaga nje kwa kishindo. Kishindo hicho ni hewa ambayo sensa imeshaihesabu. Kwa sekunde moja kompyuta hunyunyizia hewa iliyokwisha kumwagwa barabarani, gari linakohoa, moshi mweusi unatoka, na likiwa na eksosi wazi linaweza kupiga mshindo. Gari linalosita kati ya gia tu, na lenye vali ya aina hii, halihitaji kipimo kingine. Irudishwe vali inayozungusha hewa ndani, au ibadilishwe programu yote itumie sensa ya presha badala ya sensa ya hewa. Njia ya kwanza ni nafuu mno kuliko ya pili.

*Kwa ufupi hadi hapa:* hali ambayo tatizo linatokea inaelekeza pa kutafuta. Masahihisho ya kompyuta yanaonyesha kama petroli ni pungufu au nyingi. Hewa inachunguzwa kabla ya mafuta kwa sababu kuichunguza ni rahisi na hakuna hatari ya moto.

Presha ya mafuta

Hapa ndipo usalama unapoanza kuwa jambo la kweli. Bomba la mafuta lina presha hata injini ikiwa imezimwa. Fyuzi ya pampu huondolewa na injini huachwa iwake hadi izime yenyewe, ndipo bomba lifunguliwe, mahali penye hewa, pasipo sigara, na mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu.

Geji ya presha hufungwa kati ya chujio na nozeli. Vipimo viko kwa psi, kipimo kilekile cha matairi. Kwenye injini hizi, kimpira cha mvuto kikichomolewa kwenye regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti presha, geji inapaswa kusoma takriban 43. Kikirudishwa, inashuka hadi karibu 33 injini ikiwa mzunguko wa chini. Na tabo ikisukuma psi 15, presha ya mafuta ipande kwa 15 vilevile, hadi karibu 58. Sababu ni kwamba nozeli inanyunyiza dhidi ya presha ya hewa, na kinachotakiwa ni tofauti kati ya pande hizo mbili ibaki ileile.

Kwa hiyo kipimo cha gari likiwa limesimama hakithibitishi chochote kuhusu gari linalosita kwenye mwendo. Geji yenye bomba refu hufungwa kwa nje mbele ya kioo, si ndani ya gari kamwe, na msaidizi huisoma wakati gari linavuta. Presha ikishindwa kupanda pamoja na tabo, tatizo limepatikana, ila si lazima liwe pampu. Zipo sababu tatu za bei nafuu za kuchunguza kwanza: chujio lililoziba, kimpira cha regyuleta kilichopasuka, na umeme.

Umeme ndio unaosahaulika zaidi. Pampu ni mota, na mota inayopata volti 11 badala ya 13.5 inasukuma mafuta machache sana. Nyaya zilizochoka na rilei iliyoungua ndani huiba volti hizo kimyakimya. Baadhi ya Subaru hupunguza umeme wa pampu kwa makusudi injini ikiwa mzunguko wa chini, kwa hiyo volti hupimwa pampuni injini ikiwa kazini, kisha hulinganishwa na za betri. Tofauti ikizidi volti 1, nyaya zirekebishwe kabla ya kununua chochote.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini pampu kubwa si dawa ya kila kitu. Nozeli 4 za cc 440 kwa dakika, zikiwa wazi muda wote, hutumia lita 1.76 kwa dakika. Pampu maarufu ya lita 255 kwa saa hutoa lita 4.25 kwa dakika kwenye karatasi, na hata ikipungua chini ya presha bado inazidi mahitaji. Ikizidi mno, bomba la kurudishia mafuta tangini halitoshi kuyapitisha, presha inabaki juu kwenye mzunguko wa chini, na gari lililokuwa hafifu juu sasa ni zito chini.

Nozeli

Anayeondoa nozeli za cc 440 na kuweka za cc 550 ameongeza petroli kwa asilimia 25 bila kuiarifu kompyuta. Wengi wanajua hilo na hubadilisha namba kwenye programu. Wasilolijua ni muda wa kuchelewa: nozeli ikipewa umeme haifunguki papo hapo, huchukua takriban milisekunde 1, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na muda huo hurefuka betri ikidhoofika. Kila aina ina muda wake. Kosa la milisekunde 0.3 halionekani nozeli inapofunguka kwa milisekunde 15, lakini kwenye mzunguko wa chini, inapofunguka kwa 2 au 3 tu, kosa hilo linafika au kuzidi asilimia 10. Ndiyo sababu magari mengi yenye nozeli kubwa huvuta vizuri kwenye barabara kuu na kusumbua kwenye foleni.

Upande wa juu una mpaka wake. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 20 kukamilisha kazi yake yote. Programu inayoomba nozeli ibaki wazi kwa 19 imeishiwa nafasi, na presha ya mafuta iwe nzuri kiasi gani haitasaidia.

Yanayojifanya tatizo la mafuta

Cheche dhaifu ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kadiri tabo inavyosukuma, cheche inapata kazi zaidi kuruka mwanya wa plagi. Mwanya wa milimita 1.1 unaotosha injini ya kawaida mara nyingi hupunguzwa hadi 0.8 au 0.7 kwa injini iliyoongezewa presha. Cheche ikikosekana, petroli na oksijeni hutoka bila kuungua, na sensa ya eksosi, inayoona oksijeni peke yake, inaripoti kwamba mchanganyiko ni hafifu. Pampu inalaumiwa kwa kosa la plagi. Tundu kwenye eksosi kabla ya sensa hutoa uongo huohuo.

Petroli yenyewe nayo ichunguzwe. Magari haya yalitoka Japani, ambako petroli ya daraja la juu ina kiwango cha chini cha oktani 96. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mbano bila kulipuka yenyewe. Ikipungua, injini hugonga, kompyuta inachelewesha cheche kujilinda, na dereva anahisi gari zito. Kuchanganya mafuta ya taa kunashusha oktani vibaya. Tanzania huweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachakachuaji, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Maji ni rahisi kuyabaini: petroli ya tangini huwekwa kwenye chupa ya kioo ikatulia, na maji hukaa chini.

Programu mwishoni

Programu huguswa baada ya hewa, presha, nozeli na cheche kuthibitika. Anayeanza na programu anaficha tundu kwa kuongeza petroli, na siku tundu litakapozibwa gari litakohoa upya. Tabo ikisukuma na sensa ya masafa mapana ikaonyesha 13 na kupanda, mguu utolewe hapo hapo. Mchanganyiko hafifu chini ya presha huvunja pistoni kwa sekunde chache.

Mwinuko nao uingie kwenye hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko ya Mombasa. Gari lenye sensa ya hewa hujirekebisha lenyewe, kwa kuwa linapima hewa inayoingia. Gari lililowekewa kompyuta mpya inayokadiria hewa kwa mkao wa kipepeo peke yake halijirekebishi: likipangwa Mombasa likapandishwa Nairobi litakuwa zito na kusita, na likipangwa Nairobi likateremshwa pwani litakuwa hafifu, jambo la hatari zaidi. Kompyuta ya aina hiyo hufungiwa sensa ya presha ya hewa ya nje, na programu hupewa jedwali la kuisahihisha, kabla gari halijatoka gereji.